Besi ya Wamaza

Mwaka huu nilirudi kwetu. Ndege ndogo ilinishusha Kasongo jua likiwa limeshapanda, na kabla sijamaliza kujifuta vumbi la kiwanja, kijana mmoja alikuwa ameshachukua begi langu na kulifunga nyuma ya pikipiki yake kwa mpira mweusi. Hawa ndio tunaowaita motari, na bila wao hakuna mtu wa kusini mwa Maniema angemtembelea mwenziwe siku hizi, maana barabara ya kwenda Kabambare imebaki na upana wa tairi moja tu. Nilimwambia tunaenda Wamaza. Akaguna kidogo, akaongeza mafuta, tukaondoka.

Mbele kidogo tulikuta daraja limekosa gogo. Wanakijiji walikuwa wakilirudisha mahali pake, nasi tukakaa kivulini kungoja. Motari akaniuliza ninafanya kazi gani huko Bulaya.

"Napiga gitare besi," nikamwambia.

"Ya orkestra gani, mama?"

"Ya kila mutu anayeniita."

"Na unaimba?"

"Hapana."

"Basi jina yako haiko mu wimbo."

"Iko. Lakini wameiandika ndogo sana, lazima uvae miwani."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, iyo kazi iko ya kujificha!"

Sikubishana naye. Gogo lilikuwa limeshawekwa, na mtu hajadiliani na motari anapovuka daraja la Wamaza. Lakini wewe, rafiki yangu, una nafasi ya kunisikiliza, kwa hiyo nitakueleza vizuri kuliko nilivyomweleza yeye.

Ninaishi Brisele, Ubelgiji. Katika studio za huko, na wakati mwingine za Paris, mtu anakuja na nyimbo zake, ana sauti, ana gitaa, ana mpiga ngoma, lakini anahisi kama nyumba yake haina sakafu. Hapo ndipo wanaponipigia simu. Ninaingia, ninakaa kwenye kigoda, ninasikiliza mara moja, kisha ninaweka sakafu. Jioni ninarudi nyumbani kupika. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ni bluzi, nyimbo za Weusi wa Amerika, za polepole, ambamo mtu anasema shida yake, anairudia kwa maneno yale yale, halafu anaijibu mwenyewe. Ukiisikia kwa mara ya kwanza utadhani ni mama wa Kibangubangu, kabila la kwetu, anayemlalamikia mumewe huku akipalilia. Kwa kazi hiyo mimi ni hodari. Nasema hivyo bila kuinamisha kichwa, kwa sababu wanaoniita ni watu wagumu kuridhika, nao wananiita tena. Huwa wananiuliza nilisomea wapi. Ninajibu, "Wamaza, kwenye mpunga," wanadhani ni jina la chuo.

Wamaza nililelewa na bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita koko. Wazazi wangu walikuwa Kasongo, baba akishona nguo sokoni na mama akimsaidia kupiga pasi. Babu alipofariki, walisema si vizuri koko alale peke yake katika nyumba, wakanitoa mimi kama mtu anavyomwazima jirani sufuria. Basi ndiyo hivyo, sufuria haikurudi.

Koko alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye sauti iliyofika kisimani kabla yake. Aliniita mukemwenzangu, kwa utani wa mabibi wote wa kwetu, kwamba mimi na yeye tulikuwa wake wa mume mmoja aliyetangulia. Asubuhi aliniamsha kwa kugonga ukuta kwa mwiko. Nilichota maji, nikafagia uwanja, nikafungulia kuku, na nilipomaliza nilikuta kiporo cha wali kimepashwa moto kwa mawese mpaka punje za chini zimekuwa ngumu na nyekundu. Zile punje za chini tuligombania. Mchana ulikuwa wa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemka mpaka nyumba nzima inanukia kijani, na siku ambazo wanawake wa Nyangwe walipita na vikapu vyao vya samaki waliokaushwa kwa moshi, koko alivunja kichwa kimoja cha samaki juu ya sombe hiyo, tukala bila kuzungumza.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa ndege. Mtu ambaye hajalima mpunga hawezi kujua uovu wa ndege mdogo. Punje zinapoanza kujaa maziwa, wanashuka kama mvua, na shamba la msimu mzima linaweza kuisha kabla hujapiga kelele mara ya pili. Kwa hiyo kila familia ilijenga dungu katikati ya shamba, na juu yake akakaa mtoto. Kutoka kwenye dungu zilitandazwa kamba kila upande, zimefungwa mikebe, na mtoto akivuta kamba mikebe inalia na ndege wanaruka. Shule ilikuwa na likizo ya ndege, nasema kweli. Mwalimu mwenyewe alikuwa na shamba.

Siku moja kamba yangu moja ilikatika, nami badala yake nikafunga waya mrefu wa zamani uliokuwa umelala vichakani tangu wakati wa nguzo za simu. Nilifunga mwisho mmoja kwenye mguu wa dungu, mwingine kwenye kisiki cha mchikichi, na katikati waya ukawa unapita juu ya bidoni tupu la mafuta. Nilipouvuta haukulia kama mikebe. Uliguna. Ulikuwa mguno mnene, wa chini kabisa, na niliusikia kwenye ubao niliokalia kabla ya kuusikia masikioni. Nikauvuta tena. Nikagundua kwamba nikiuegemea kwa mguu, sauti inapanda, na nikiulegeza, inashuka. Siku ile sikusikia njaa. Niliguna na waya ule asubuhi nzima, na ndege nao, kwa kuwa sauti ya chini haiwatishi hata kidogo, walikaa kwa amani wakala mpunga wa koko.

Aliyenikuta hivyo alikuwa jirani yetu, fundi seremala, akirudi kutoka kupasua mbao. Alikuwa mwanamume mrefu, mjane, mpole kiasi kwamba hata nyundo yake ilisikika kama inaomba ruhusa. Jumapili alipiga besi katika korali ya kanisa letu, besi aliyoitengeneza mwenyewe, sanduku la mbao lenye shingo ndefu na waya za breki za baiskeli. Alitua ubao wake chini, akasimama kando ya shamba.

"Nani alikufundisha ile?" akauliza.

"Hakuna mutu."

"Piga tena."

Nikapiga. Akasikiliza hali ameinamisha kichwa. Halafu akasema, "Ndege wamemaliza mupunga ya koko yako," akabeba ubao wake akaenda zake. Nilichapwa siku ile, na nilistahili. Lakini siku ya soko iliyofuata, koko alipokuwa ameondoka na kikapu chake, fundi aliniita uwanjani kwake akaniwekea besi mapajani.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Fundi hakujua kusoma noti na hakuwa na maneno mengi. Wanawake wa ua wa pili walikuwa wakitwanga mpunga, wawili kwenye kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule mwingine unashuka, na fundi aliniambia nipige pamoja nao. Nikikimbia, ananiuliza, "Unaenda wapi?" Nikijaza vidole vingi, anagusa mkono wangu: "Acha nafasi. Mutu apumue." Na nikimfuata mwimbaji, yaani yeye mwenyewe aliyekuwa akiimba chini chini huku akipiga randa, anakataa. "Usinifuate. Wewe kaa. Miye nitarudi kwako." Mpaka leo, mwimbaji wa Brisele akipotelea mbali na wimbo wake, mimi ninakaa. Anarudi.

Koko alikuwa na sababu ya kutotaka kusikia habari za gitaa. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kijana mzuri wa sura, aliyepiga gitaa kuliko wote wa upande ule. Orkestra moja ilipita Kabambare ikielekea Kalemie, naye akaifuata, akasema atakuwa amerudi wakati wa mavuno. Koko alimwekea kikapu cha mpunga mpya. Mavuno yakapita, na mengine yakapita, na hakuna mtu aliyewahi kuleta habari yake, hata ya kifo. Kwa hiyo mtu yeyote aliyetaja gitaa mbele ya koko alijibiwa jambo moja: "Gitare ilikula ndugu yangu. Haitakula mukemwenzangu." Nilipofika darasa la sita bado nilikuwa nikienda kwa fundi siku za soko tu.

Halafu ukaja msimu ule ambao watu wetu hawapendi kuutaja. Risasi zilisikika upande wa Kabambare, kisha karibu zaidi, na asubuhi moja wakapita watu wanakimbia wakisema watu wenye silaha wako njiani. Mpunga ulikuwa unakaribia kuiva. Kila mmoja alizika alichokipenda: huyu chumvi, yule kichwa cha cherehani. Nilimwona fundi nyuma ya nyumba yake akichimba shimo refu. Aliifunga besi yake kwa bashi, yale maturubai ya plastiki tunayoyajua sana kwetu, akailaza, akaifukia kwa mikono. Koko alichukua sufuria, panga, na mkono wangu.

Tulikaa msituni muda mrefu, kwenye vibanda vya majani, karibu na mashamba ya zamani ya ndizi. Tulikula ndizi mbichi zilizochemshwa, muhogo tuliouiba usiku kwenye mashamba yetu wenyewe, na viwavi wakati wao ulipofika. Moto uliwashwa penye ukungu tu. Na amri iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa kwamba mtu asitwange chochote, kwa sababu sauti ya kinu inafika mbali. Sikujua kabla ya hapo kwamba maisha yangu yote yalikuwa na mdundo chini yake. Sasa ulikuwa umeondolewa, na siku zilikuwa ndefu, zinaning'inia. Jumapili watu wa korali walikusanyika na kuimba kwa kusogeza midomo. Ukiwatazama ulijua ni wimbo gani, lakini hukusikia ila ndege.

Koko akashikwa na homa. Dawa hatukuwa nayo, ila majani ya kuchemsha. Alasiri moja mvua kubwa ilikuwa ikinyesha, yeye amelala ubavu ameupa mgongo mlango, nami nilidhani amesinzia.

"Kuya hapa, mukemwenzangu," akasema. "Ile kitu unafanyaka kwa fundi, fanya."

Nikajifanya sielewi. "Kitu gani, koko?"

"Miye si mujinga. Kila siku ya soko ninakuta vidole vyako vyekundu. Ule wimbo wa Bikira, unafanyaka namna gani?"

"Hatuna gitare. Na walisema tusifanye makelele."

"Mugongo yangu haina makelele."

Nikakaa nyuma yake. Niliweka vidole kwenye mgongo wake, uliokuwa unawaka moto chini ya kitenge, nikampigia besi ya wimbo wa Bikira. Niliipiga yote, pole pole, kwa vidole viwili, kama nilivyofundishwa. Mifupa yake niliihisi mmoja mmoja. Nilipofika mwisho nilianza tena, kwa sababu niliona pumzi yake imeanza kufuata mahali nilipokuwa naweka kidole. Nilidhani amelala.

"Pale katikati unaacha," akasema. "Juu ya nini?"

"Fundi anasema mutu apumue."

Mvua ilikuwa ikianza kupungua.

"Ndugu yangu hakuwa anaacha nafasi," akasema. "Yeye alikuwa anajaza tu, anajaza tu. Rudilia."

Nilirudilia siku ile na siku zilizofuata mpaka homa ikamwacha. Wengine watasema ni yale majani. Inawezekana. Mimi sikuwahi kupata msikilizaji mwingine kama yule, na nimepiga mbele ya watu wengi.

Tuliporudi Wamaza, nyumba zilikuwa wazi kama midomo. Milango ilikuwa imechomwa kuni. Hawakutuachia hata kuku. Fundi alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba yake, nami nikamfuata. Alipolifunua bashi, besi ilikuwa imelala vile vile alivyoilaza, umbo lake lote, na kwa kitambo kidogo tulifurahi. Kisha akaishika, ikabomoka mikononi mwake kama mkate uliolowa maji. Mchwa walikuwa wameila yote kutoka ndani. Zilibaki waya peke yake. Alizikunja taratibu akazitia mfukoni, akakaa kando ya shimo mpaka jioni, na mimi nikakaa naye.

Si besi tu iliyopotea. Sauti nyingi za korali hazikurudi. Mwongozaji wetu tulimzika msituni, na wale kina mama wawili waliokuwa wakitwanga ua wa pili, mmoja wao alibaki huko. Katekista akasema Jumapili ya pili kutakuwa na misa ya kuwaombea wafu, padre atakuja kwa miguu kutoka Kabambare, na fundi ndiye ataongoza korali. Fundi akauliza wataimbaje bila ala. Katekista akajibu wataimba hivyo hivyo.

Koko alikuwa amekaa mlangoni kwetu, mahali ambapo mlango ulikuwepo. Ndani ya nyumba kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu, sanduku lake la arusi. Lilikuwa la mvule, baba yake alilitengenezesha Nyangwe, likapanda mtumbwi, likabebwa vichwani na wajomba zake mpaka kwa mumewe. Wezi walivunja kufuli, wakabeba vitenge vyote vilivyokuwamo, na sanduku wakaliacha kwa sababu lilikuwa zito kuliko haraka yao. Koko akamwita fundi.

"Fundi, hii mbao iko nzuri?"

Fundi akaligonga kwa kidole, akasikiliza. "Iko nzuri sana, mama. Hakuna mbao kama hii tena."

"Pasua, utengeneze besi."

Fundi akarudi nyuma kama ameunguzwa. "Hapana, mama. Hii ni sanduku ya arusi yako. Miye siwezi kuiwekea msumeno."

"Nguo ziko wapi? Mwenye arusi iko wapi? Niweke nini ndani, hewa? Pasua, fundi. Nikikuambia mara ya tatu nitalia, na sijalia tangu tutoke huko musituni."

Fundi alilibeba. Wiki nzima tulisikia randa yake ikipunguza mbao zile, maana mvule ni mzito na ulihitaji kuwa mwembamba ili usikike. Mbele aliacha kufuli lililovunjika likiwa mahali pake, akasema ni pambo. Nyuma aliacha ua dogo lililochongwa, kwa heshima. Alipoleta besi, nilisimama kando yake, ikanizidi urefu.

Jumamosi, wakati wa mazoezi, katekista aliniona nimeishika. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaende kama yalivyokwenda siku zote. "Mutoto mwanamuke hapigaki gitare mbele ya altari," akasema. "Fundi apige."

"Miye ninaongoza," fundi akajibu. "Nina mikono miwili tu."

"Basi tuimbe bila kitu."

Koko, ambaye hakuwa mwanakorali na hakuna aliyemwalika, akasimama kutoka benchi la nyuma. "Sawa. Basi sanduku yangu inarudi nyumbani."

"Mama, ilishapasuliwa!"

"Itarudi vile iko. Mukemwenzangu, beba."

Nikaanza kubeba. Haikuwa rahisi, shingo ya besi iligonga mlango, waya zikaguna, na ule mguno ukajaa kanisa lote tupu. Watu wa korali wakageuka. Mzee mmoja wa sauti ya tatu akasema, "Katekista, hebu tuisikie kwanza." Katekista akafuta jasho. Akasema, "Mara moja tu." Tukaimba mara moja. Alituacha tuendelee, akaenda kukoroga rangi ya kupaka ukuta.

Siku ya misa nilisimama juu ya tofali ili nifikie shingo ya besi. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, na watu walikuwa wakavu, unaelewa? Tangu turudi hakuna aliyekuwa amelia kwa sauti. Msituni tulikuwa tumekatazwa, na mwili ulikuwa umezoea. Tulianza wimbo wa wafu, polepole, sauti chache zilizobaki zikitafutana, na mimi chini yao nikifanya nilichojua, kukaa. Tulipofika katikati niliacha nafasi. Fundi aliusimamisha mkono wake hewani akaniacha niiache ndefu kuliko tulivyozoea. Kanisa zima likavuta pumzi. Na katika pumzi ile, mama mmoja aliyefiwa na watoto akalia. Halafu mwingine. Halafu kanisa lote likaanguka katika kilio, wanaume kwa wanawake, na padre akaketi, na katekista akafunika uso kwa kanzu yake. Mimi sikuacha kupiga. Niliogopa, lakini nilielewa kabisa kwamba nikiacha wataanguka pabaya. Nilikuwa mtoto, na tangu siku ile sijawahi kuwa na shaka juu ya kazi yangu hapa duniani.

Tulipotoka, koko, aliyevaa kitenge cha kuazima, alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Ulipiga vizuri," akasema. "Kesho uko shambani."

Mengine yalikuja kwa mwendo wake. Nilipelekwa Kasongo kwa sekondari, nikapiga katika korali ya parokia gitaa la besi la kiwandani, jepesi, ambalo mwanzoni nililishika kama mtu aliyepewa kijiko akatwange nacho. Koko alinisindikiza mpaka mwisho wa kijiji. Aliniambia neno moja tu, "Urudilie," na sikujua kama anasema nirudi au nipige tena. Nilifanya yote mawili kila likizo. Kutoka Kasongo nilikwenda Bukavu, ambako studio moja ndogo ya nyimbo za kanisa ilikuwa na mpiga besi aliyependa kuchelewa. Mimi sikuchelewa. Huko ndiko alikonikuta mwanamuziki mmoja mwenzetu aliyeishi Ubelgiji na kuimba bluzi, aliyekuja kutafuta sauti za nyumbani. Nilipiga wimbo mmoja naye, akauliza kama nina pasipoti.

Siku ya kwanza katika studio ya Brisele, mwimbaji alikuwa mzee kutoka Amerika, amekaa na gitaa lake, uso haucheki. Wapiga besi wawili walikuwa wamejaribu kabla yangu. Tulicheza wimbo mmoja. Katikati ya wimbo niliacha nafasi, na yule mzee akageuka akanitazama, akaendelea kuimba macho yakiwa kwangu. Tulipomaliza akamwambia mkalimani jambo, wote wakacheka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza kama ulilelewa na bibi yake."

Nikamwambia aseme hapana, nilikuwa na wangu. Mzee yule aliniita katika rekodi zake zote zilizofuata mpaka alipofariki, na wengine walinijua kupitia kwake. Hivyo ndivyo nilivyokuja kukaa huko.

Basi mwaka huu motari alinishusha Wamaza mchana, akanisaidia kutua begi. Nilitembea polepole, watoto wakinifuata. Hakuna anayetwanga mpunga tena. Kuna mashine ya dizeli kando ya njia, inakoboa magunia ya siku nzima kabla hujamaliza kuamkiana na watu, na kina mama wanakaa karibu yake wakisuka nywele. Nilifurahi kwa ajili ya mabega yao. Kanisani kuna kinanda cha umeme kinachochajiwa kwa jua, na kijana anayekipiga ana kitufe kimoja tu cha besi, anakibonyeza kwa kidole gumba, na si mbaya hata kidogo. Fundi amelala nyuma ya kanisa. Koko yuko chini ya mti wake wa mwisho wa kahawa, karibu na babu, mahali alipopachagua mwenyewe. Niliwapalilia wote wawili.

Besi niliiacha kanisani nilipokwenda Bukavu, ili apige mwingine. Niliwauliza watu. Mmoja alisema ilibebwa wakati wa kukimbia kwingine, baada ya kule kwetu. Mwingine alisema iliungua. Mama mmoja anaamini iko Kabambare, katika kanisa fulani, lakini hakumbuki lipi. Niliacha kuuliza.

Ninazo besi nzuri sasa, na mafundi wake ni watu wa sifa. Zinaguna vizuri, hazipandi sauti mvua ikinyesha. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kuwaambia wapigaji wenzangu, nakuambia wewe. Ile ya Wamaza, ukiinama kuikaza waya, pua yako ikawa karibu na tundu lake, ilikuwa na harufu. Wezi walibeba vitenge vyote vya koko, lakini miaka yote ya sabuni, karafuu na nguo za sikukuu ilikuwa imenywewa na mbao zile, na hakuna aliyeweza kuibeba. Kila nilipoanza wimbo niliivuta kwanza. Huko studioni bado ninainama kabla ya kuanza, wananidhania ninasali, na ndani ya gitaa kuna harufu ya gundi mpya.